Kamba Yenye Ilifika Parcelle ya Tatu

Bamama ya Beni, bababa, na ninyi bengine munasimama ku mulango juu viti imeisha, amani ya Mungu ikale nasi hapa. Mutanisamehe kama sauti yangu inatetemeka. Haiko baridi. Niko naogopa. Tangu asubui, wakati taxi ilitoka Butembo, niko naogopa, na sasa vile nasimama mbele yenu ningali naogopa. Nasema hii mbele, kusudi kiisha mutu asiseme huyu muzee alikuya kutudanganya.

Balinialika niwaelezee namna darasa ya kutembea ilianzaka kwetu Bulengera, juu munataka kuianzisha hapa pia. Mama pasteur yetu angeieleza muzuri kuliko mimi. Yeye alisoma. Mimi nilisoma myaka mbili tu, kisha baba yangu akaniondosha nikalime. Mais alikatala kukuya. Alisema darasa ilianza ku mukono yangu, basi mimi njo niende. Na haikuwa bongo, ilikuwa kweli. Muangalie mukono yangu ya kushoto, hapa. Benye muko nyuma hamuwezi kuona, lakini kuna alama, ngozi ilikuwa ngumu na nyeusi sawa shingo ya mbuzi yenye ilifungwa siku mingi. Alama hiyo ilitoka ku kamba. Upande moja ya kamba nilikuwa mimi. Upande ingine ilikuwa mujukuu yangu.

Nilizaliwa haiko mbali na hapa. Kijiji sitaitaja, juu bengine benu mulitoka kule na sitaki kuwarudisha. Nilikuwa na binti moja, na binti yangu alikuwa na mutoto moja, mutoto mwanamuke ya myaka sita. Tulikuwa batatu mu nyumba, tunalima maharagi na mihogo. Asubui moja tulipashwa kuenda ku shamba sisi wote. Batu balikuwa banasema kama baliona bageni ya silaha upande ya mutoni. Binti yangu akasimama ku mulango na jembe, akaniuliza, Mama, leo tuende ao tubakie? Goti yangu ilikuwa inauma. Nikaangalia mbingu, nikawaza mvula, nikawaza maharagi yenye ilikuwa inaanza kuoza. Nikamuambia, Enda.

Neno hiyo moja. Enda.

Alisema atarudia mbele ya saa sita. Saa nane banaume bakaenda kumuangalia, na balirudia banamubeba. Tulimuzika siku ile ile, mbio mbio, bila matanga, bila kumulilia sawa vile mutu analilia mutoto yake. Kisha tukakimbia. Mimi nilibeba sufuria moja na kikwembe yake ya kuvaa yenye ilikuwa inakauka ku kamba ya inje. Mutoto nilimubeba mugongoni. Mutoto ya myaka sita, miguu yake inagonga magoti yangu, mais kumuweka chini sikuweza.

Tukafika Butembo, tukapata chumba mu Bulengera. Na hapo, ndugu zangu, nawaambia, mimi njo nilianza kuharibika. Mutu akitoka salama banasema, Mungu asifiwe, imeisha. Kwangu ilikuwa njo inaanza. Nilipasua kikwembe ya mama yake, nikatoa mukanda murefu, nikafunga ncha moja ku mukono yangu na ncha ingine ku mukono ya mutoto. Kwanza ilikuwa mu njia tu, juu ya mamoto, zile pikipiki. Kisha ku soko. Kisha ata mu nyumba. Nikipika, tumefungana. Nikilala, tumefungana. Akienda choo, mimi nasimama inje nashika kamba, na akikawia navuta kidogo, na yeye anavuta kidogo kunijibu kama iko mule. Munacheka. Mucheke tu, ata mimi sasa nacheka. Wakati ule sikucheka.

Bamama jirani balikuwa banapita ku mulango yangu, bananiita Mukaka, ni kusema nyanya, banasema, hiyo mbuzi unauzisha? Mimi nikawajibu, ninyi munaacha zenu zitembee, tutaona mwenye atalia. Nilikuwa na kinywa mubaya. Woga inafanya kinywa inakuwa kali.

Mwaka ya masomo ikaanza, batoto bote banapita na uniforme, bulu na nyeupe. Mujukuu yangu anasimama ku mulango anawaangalia. Batu bananiuliza, na huyu haendi? Nikasema iko na malaria. Mwezi ukapita. Nikasema malaria. Noeli ikapita, malaria. Mwaka muzima mutoto yangu alikuwa na malaria, na hakuwahi kupata moto ya mwili ata siku moja. Mungu anisamehe.

Siku moja nilikuwa nachambua sombe, majani ya mihogo, na yeye iko pembeni yangu. Kuku ya jirani ikaruka, ikaanguka mu beseni ya maji. Kitu ya kuchekesha. Nikaona mutoto anafunga kinywa na mukono, mabega yanatikisika, ananizunguka na macho, kisha ananiuliza polepole, Mukaka, naweza kucheka?

Nilimuambia ndiyo. Mais hakucheka tena. Kicheko ilikuwa imeisha.

Njo juma ile mama pasteur alifika kwangu. Ndiyo, kwetu mwanamuke anahubiri na anabatiza. Benye hamupendi, mutaniuliza kiisha. Alikuya kuona mugonjwa ya malaria. Akaleta dawa na ndizi. Akakala ku kiti, akaangalia mutoto, akaangalia kamba. Nilingojea aniambie hapana ogopa. Batu bote balikuwa bananiambia hapana ogopa, na kila mara wakiisema nilikuwa naongeza fundo ku kamba. Yeye hakusema hivyo. Aliniuliza tu, hii kamba ni urefu gani? Nikamuambia hatua mbili. Akasema, bon. Kama mutoto hawezi kuenda ku masomo, masomo itakuya mu urefu ya kamba.

Nikawaza anacheza. Siku ya kwanza ya juma akarudia na binti moja ya kufundisha, tableau ya kuchora ku ubao ya sanduku, na batoto kumi na moja ya parcelle za karibu, zile viwanja za majirani, bengine benye wazazi habakuwa na namna ya kuwapeleka, bengine bakimbizi sawa sisi. Bakakala mu parcelle yangu chini, ku gunia. Mujukuu yangu alikala kati yao, na mimi nyuma yake, kamba inapita kati ya batoto. Bakaanza kuhesabu na maharagi.

Ku kanisa kulikuwa maneno. Shemasi moja muzee, mutu ya kweli lakini kichwa ngumu, alisimama mu mukutano akasema kanisa haiko mbuzi ya kutembeatembea mu parcelle ya batu. Batoto bafundishiwe mu nyumba ya Mungu. Mama pasteur akamuuliza, Papa, Yesu alikuwa anafundishia wapi? Muzee akasema, ku mulima, mu mashua, mu nyumba ya batu. Alivyosema mu nyumba ya batu, akakala chini mwenyewe.

Kulikuwa sheria moja ya hiyo darasa, na hii musisahau. Kila parcelle yenye inapokea batoto inapashwa kufundisha kitu yenye inajua. Mwalimu anafundisha herufi, mwenye nyumba anafundisha ya kwake. Donc zamu yangu ikafika. Mama pasteur akaniuliza, wewe unajua nini? Nikasema mimi sijue kitu. Akasema, ile kamba ni nani aliisuka vile? Juu kikwembe ilikuwa inakatika, na mimi nilikuwa nimeanza kuongeza na maganda ya mugomba yenye imekauka, naisokota na kuisuka sawa vile mama yangu alinifundisha. Basi nikafundisha batoto kusuka kamba. Ndugu zangu, hiyo siku nilijisikia mutu. Mutoto moja akaniita mwalimu. Sikulala juu ya furaha.

Mais juma ya pili mama pasteur akasema darasa itahama, itaenda mu parcelle ya pili. Kutoka kwangu mupaka ku kanisa kulikuwa parcelle tisa. Darasa itatembea parcelle moja moja, polepole, mupaka ifike. Mimi nikazungusha kamba ku mukono mara ingine. Akaniambia, sikuombi ukate kamba. Nakuomba uirefushe tu.

Basi nikasuka. Nilisuka siku tatu, mikono ikatoka damu. Parcelle ya pili ilikuwa ya jirani yetu Muislamu, yenye iko na camion ya kuleta viazi toka Alimbongo. Bibi yake ni mutu ya heshima sana. Alikuwa anafundisha batoto kupima na mizani, na kabla ya kuanza anawapa chai. Mimi nilikala ku mulango yangu, kamba inapita ku kichaka ya uzio, na mutoto iko kule. Sikumuona. Nilikuwa nasikia sauti tu, na kila kidogo navuta, na yeye anavuta. Siku ile ya kwanza nilivuta sana, mupaka bibi ya jirani akachungulia ku uzio akasema, Mama, anaandika, ukivuta herufi inaenda inje ya ubao.

Kisha ikafika parcelle ya tatu, na hiyo ilikuwa ngambo ya njia kubwa, njia ya mamoto. Mwenyewe ni mwanamuke anakamuaka kasikisi, pombe yetu ya ndizi. Shemasi yetu karibu azimie. Mama pasteur akasema huyu mwanamuke anajua kupima bidon na kungojea kitu iive, batoto banaweza kujifunza hiyo bila kunywa. Mimi nilihamisha kiti yangu ku mulango ya Muislamu, kamba ikalala chini, ikavuka njia mupaka ngambo. Motard moja akafunga frein ya pikipiki, akasimama, akasema, Mukaka, hii ni barrière? Tulipe nini? Nikamuambia pita, uinue gurudumu. Na kweli kiisha bamotard bote bakazoea, banafika pale banapunguza mwendo.

Sasa musikilize vizuri.

Ilikuwa saa nne ya asubui, jua inawaka. Nilikuwa ku kiti yangu. Masasi ya bunduki ikalia upande ya soko. Moja, kisha mingi. Ninyi ya Beni sina haja ya kuwaeleza. Munajua namna njia inajaa batu mbio, mwengine na kiatu moja, mwengine na mutoto ya wenyewe. Mimi sikusimama. Mimi nilivuta kamba. Nilivuta na nguvu yangu yote, sawa mutu anavuta ndoo toka mu kisima, juu nilitaka mutoto yangu atoke kule akuye kwangu. Kamba ikakatala. Ikakaza. Nikavuta tena.

Na ikakuya yenyewe.

Ikaruka mu njia, kati ya miguu ya batu, ikafika mu mikono yangu, na ku ncha kulikuwa kile kipande ya kikwembe ya mama yake, tupu. Hakukuwa mukono. Nilishika kile kipande na sikusikia tena masasi. Nilisikia tu sauti yangu mwenyewe ya siku ile, inasema, Enda.

Nilivuka njia. Batu balikuwa banakimbia huku, mimi kule. Moto moja ilinigonga goti, ata sikujua mupaka jioni. Nikaingia mu parcelle ya kasikisi. Hakuna mutu. Viti chini. Maharagi ya kuhesabia imetawanyika. Ubao imelala na herufi nusu. Nikazunguka pale sawa kichaa. Nikasukuma mulango ya nyumba ya kukamulia.

Balikuwa mule. Balilala chini bote kumi na mbili, ku majani ya mugomba, nyuma ya ule mutumbwi mukubwa ya muti yenye anakamuliaka ndizi. Mwalimu alilala upande ya mulango. Mwenye nyumba upande ingine. Na mujukuu yangu alikuwa katikati, batoto babili badogo chini ya mikono yake, sawa kuku. Hakulia. Mimi nikataka kumurukia, nimubebe mugongoni, tukimbie. Akainua kichwa akaniambia na sauti ya chini, Mukaka, lala.

Nikalala. Mimi, muzee, nililala mu majani yenye inanuka pombe, pua yangu mu udongo. Akaleta kinywa yake ku sikio yangu. Akasema, nilifungua kamba. Mwalimu alisema tulale, na wewe ulikuwa unanivuta inje.

Ndugu zangu. Ulikuwa unanivuta inje. Batu bakinitukana maneno kumi, haingeniingia sawa hiyo. Juu ilikuwa kweli. Mutoto alikuwa nyuma ya ukuta, pahali pazuri, na mimi nilikuwa namuvuta ku njia, ku masasi, juu woga yangu itulie. Siku ya kwanza nilisema enda, mutu akakufa. Nikawaza basi kamba njo itaokoa. Kumbe kamba nayo ilikuwa inaweza kuua.

Masasi ilinyamaza. Kiisha tuliambiwa kama balikuwa banafukuza mwizi ku soko, na hakuna mutu alikufa. Batu bakarudia, bamama bakaanza kutafutana, bengine bakaanza kucheka ile kicheko ya woga. Mwenye kasikisi akanipa maji. Siku ya mungu shemasi alipita karibu yangu mu kanisa akanusa, akaniangalia sana. Nilikuwa nimevaa kikwembe ile ile. Nikamuambia, ndiyo Papa, nilikuwa ku pombe, na ku pombe njo niliona Mungu. Nikamueleza yote. Alilia, yule muzee. Mupaka leo, darasa ikihama, yeye njo anatembea nyuma ya batoto.

Kesho yake asubui mutoto akasimama ku mulango, akanyoosha mukono nifunge. Alizoea. Alinyoosha bila kuniangalia. Nikachukua kisu. Nilikata karibu ya mukono yake, kisha karibu ya mukono yangu. Na sasa kulibakia neno. Batoto bengine balikuwa banamungojea mu njia. Goti ilikuwa imevimba. Mwisho nikaisema, mais ilitoka ndogo, sawa mutu anaiba. Enda.

Akaenda. Na mimi nikamufuata nyuma, najificha ku uzio sawa mupelelezi. Sitawadanganya kama nilipona siku ile. Nilimufuata juma tatu. Yeye alijua, alikuwa anageuka ananipungia mukono.

Ile kamba hatukuitupa. Ilikuwa ndefu sana, na mama pasteur akaniambia niifunge mafundo, fundo moja kwa kila mutoto. Sasa darasa ikihama, batoto banashika kila mutu fundo yake, mwalimu mbele, shemasi nyuma, na banaimba. Haifungwe ku mukono ya mutu. Inashikwa tu, na ukitaka kuachilia unaachilia. Ilitembea mupaka parcelle ya tisa, ikaingia mu kanisa, na mimi nikaingia nayo, juu wakati wa kuwachunga nilikuwa nimeanza kuandika. Leo jina yangu naiandika bila kuangalia. Mujukuu yangu anasoma ku masomo ya kweli, na naomba munisamehe majivuno: mwaka jana alikuwa wa kwanza mu darasa yake. Ya kwanza. Mutoto ya malaria.

Basi ninyi munataka kuanza hapa Beni. Mutafute kwanza nyumba yenye woga inazidi, na muanzie pale. Mulango yake munaijua, iko ile yenye inafungwaka muchana. Musimuambie huyo mutu hapana ogopa, anajua vizuri juu ya nini anaogopa. Mumuulize kamba yake ni urefu gani, mukale mu ile urefu pamoja naye, kisha mumuombe airefushe. Na musichague parcelle ya batakatifu tu. Mimi niliokolewa ku chai ya Muislamu na ku majani ya mukamua pombe.

Nashukuru mama pasteur, yenye hakunihubiria. Nashukuru binti yule ya mwalimu, yenye alilala upande ya mulango. Bibi ya jirani, mwenye kasikisi, shemasi, na bamotard ya Bulengera benye balijifunza kuinua gurudumu. Mwasingya, mwasingya sana.

Nimalize. Hii ni mara ya kwanza narudia upande hii tangu tulikimbia, na mutoto hakukuya nami. Iko Butembo, ku masomo, sasa vile. Leo asubui alinisindikiza ku parking ya taxi. Dereva alifungua mulango, batu bameingia, na mimi mguu ilikatala kupanda. Nikashika mukono yake. Nilimushika hapa, pale pa kamba, na nilikuwa nakaza, nilijua niko nakaza. Dereva akapiga klaxon. Nikasema tutarudia nyumbani, nitawaambia bamama ya Beni kama nilikuwa na malaria.

Alitoa vidole yangu moja moja, polepole, bila kuvuta. Kisha akanisukuma kidogo ku mugongo, pale nilikuwa namubebaka.

Akaniambia, Enda, Mukaka.

Nikaenda. Njo niko hapa. Sasa muniache nikale, magoti imechoka, na taxi ya kurudia inaondoka saa nane. Nataka nifike mbele batoto batoke ku masomo.